Mwana wa Nyumba ya Kalunde

Kazi ya kuvuta mabomba kisimani haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hushika bomba kwa kibano, mwingine hufungua kiungo kwa spana, na katika nafasi ile fupi kati ya kufungua na kuinua, uzito wote wa chuma kinachoning'inia futi mia mbili chini ya ardhi huwa mikononi mwa aliyeshika kibano. Akilegeza, kila kitu kinakwenda shimoni, na pengine vidole vya mwenzake navyo. Mutisya Ndolo na Muindi Kimuyu walifanya kazi hiyo pamoja kwa miaka ishirini na saba, kutoka Zombe hadi Nuu na vijiji vyote vya katikati ambako maji yako mbali na pampu huharibika wakati wa kiangazi. Mutisya bado ana vidole vyake vyote kumi. Zamani alivionyesha watu kwa majivuno, akimsifu mwenzake. Siku hizi huviangalia mwenyewe, akiwa peke yake.

Ana miaka hamsini na tatu. Ni mrefu, na wembamba alionao sasa haukuwa wake. Suruali zake zote ni kama za mtu mwingine aliyekuwa na tumbo na mapaja. Ubavuni, chini ya shati, amefungiwa mfuko unaopokea kinyesi tangu alipokatwa utumbo.

Alizaliwa katika nyumba ya Kalunde. Kalunde alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto. Mumewe, Ndolo, alifariki mwaka wa 1961, na Wakamba hawaachi nyumba izimike kwa sababu tu mwenye nyumba hakuzaa. Kalunde alipeleka mbuzi na ng'ombe kwa wazazi wa msichana aitwaye Muthoki, akamwoa, ili amzalie watoto. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Watoto wake ni wa nyumba iliyomwoa, jina lao ni la marehemu, na mwanamume aliyesaidia kuwaleta duniani hatajwi, haulizwi, wala hadai kitu. Muthoki alizaa wawili: Mutisya, na miaka minne baadaye, Kasiva. Kalunde walimwita Susu, kama mtu anavyomwita bibi yake.

Akiwa darasa la tatu, baada ya kutaniwa shuleni, Mutisya alimuuliza Susu baba yake ni nani. Kalunde hakukasirika.

"Baba yako ni Ndolo. Kaburi lake si liko pale? Basi. Kuna wenzako ambao hata kaburi la kuonyesha hawana."

Hakuuliza tena. Hakuhisi kwamba amefichwa jambo, jibu lilimtosha. Alipalilia kaburi la Ndolo kila mwaka kabla ya mvua, na alipooa, alimpeleka mkewe pale kwanza.

Mwaka wa 2019 alianza kuona damu chooni. Alikwenda zahanati, na mhudumu akamuuliza maswali yanayopaswa kuulizwa: inauma? Umepungua uzito? Kwenu kuna mtu aliyewahi kufa kwa saratani ya utumbo?

"Hapana," alijibu Mutisya. "Kwetu watu wanakufa wazee."

Hakudanganya. Alijibu kama mtoto wa Ndolo. Ndugu mmoja wa Ndolo alifika miaka tisini na mwingine aliumwa na nyoka. Mhudumu akaandika hakuna, akampa dawa za amiba. Miezi ilipopita bila nafuu, wakamwambia ni bawasiri. Muindi, mwenzake wa kibano, alimletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwa mama mmoja wa Zombe. Alimchemshia mwenyewe, akakaa pale mpaka kikombe kikaisha.

"Kunywa yote, bwana. Nani atanishikia spana?"

Miaka miwili na nusu ilikwenda hivyo. Alipofikishwa hospitali moja kule Makueni, uvimbe ulikuwa umetoboa ukuta wa utumbo. Wakakata, wakamtia dawa kali kwa miezi sita. Vipimo vikasema amepona. Kanisani wakamwimbia. Miezi minane baadaye ugonjwa ulikuwa umerudi, safari hii kwenye ini.

Ndipo alipokutana na Filsan.

Filsan ni mtafiti katika maabara ndogo iliyo nyuma ya hospitali ile. Amezaliwa Garissa, ni mdogo kwa umri kuliko hata mke wa Mutisya, na huongea haraka kama mtu anayeogopa stima itapotea. Kazi ya maabara yao ni kutafuta jeni zinazoziendesha zile seli chache za saratani ambazo dawa haziui. Mutisya alikuwa ametia sahihi kipande cha uvimbe wake kitumike. Siku moja alimwomba Filsan amwonyeshe, kwa sababu kilikuwa chake.

Filsan alimkalisha mbele ya skrini. Palikuwa na viduara vidogo vidogo vinavyong'aa, vikielea kwenye utandu kama ute wa yai.

"Hizi ni za kwako, mzee. Tunazilisha kila siku."

"Mnazilisha? Mimi nyumbani napewa uji, hizi zinakula nini?"

"Zinakula vizuri kuliko wewe." Akacheka, kisha akaacha. "Tulizitia dawa ileile uliyopewa wewe. Nyingi zilikufa. Kwa mia, tisini na saba zikafa. Hizi tatu zililala tu. Dawa ilipoisha, zikaamka, na kila moja inaweza kujenga uvimbe mzima upya. Tunaziita seli shina. Hizo ndizo zilizokurudia."

"Na mnazifanya nini?"

"Tunazima jeni zake, moja moja. Tunazima hii, tunaangalia kama zinakufa. Hazifi. Tunawasha, tunazima nyingine. Tumezima mia nne na kitu. Nyingi hazina maana, ni kama kuzima redio kwa jirani. Lakini tatu, ukizima, hizi seli zinashindwa kuendelea. Hizo ndizo tunazofuata."

Mutisya aliziangalia seli zake kwa muda. Alikuwa ametumia maisha yake kushughulika na vitu vilivyo chini, visivyoonekana, vinavyojulikana tu kwa uzito na kwa sauti. Hakushangaa kwamba kinachomuua ni cha aina hiyo.

"Kuna jambo lingine," Filsan akasema, na safari hii hakuongea haraka. "Kuna jeni ambayo kazi yake ni kuziambia seli za utumbo, imetosha, acheni kugawanyika. Kwako imevunjika. Na si kwenye uvimbe tu. Iko hivyo hata kwenye damu yako. Umezaliwa nayo. Si chakula, si laana. Imetoka kwa baba au kwa mama."

Akavuta karatasi ili achore familia.

"Mama?"

"Muthoki. Alikufa na miaka themanini, kwa pumu. Kwao hakuna aliyekufa kwa tumbo."

"Baba?"

"Ndolo."

"Alikufa lini?"

"Sitini na moja."

"Na wewe umezaliwa?"

"Sabini na mbili."

Kalamu ikasimama. "Mzee, hiyo hesabu haingii."

"Inaingia kabisa. Ndolo ni baba yangu, uliza mtu yeyote Zombe."

Ilimchukua nusu saa kumweleza habari ya Kalunde. Filsan alisikiliza bila kucheka. Mwisho akasema kwamba kwa Ndolo haikuwezekana, kwa hivyo ilitoka kwa yule mwingine. Dada yake Kasiva, kama ni wa mtu huyohuyo, alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Kipimo cha damu kingejibu. Na kama anayo, bado kuna muda wa kuukamata ugonjwa kabla haujawa kitu.

"Kuna familia nyingine ya Kitui kwenye utafiti huu," akaongeza, macho kwenye karatasi. "Kasoro ni ileile, mahali palepale. Siruhusiwi kukuambia ni nani. Lakini hao wanajua, na wanapimwa kwa kamera kila miaka miwili."

Kabla hajaondoka, muuguzi alimpa karatasi ya maandalizi, kwa kuwa naye alitakiwa kuwekewa kamera kwenye kipande cha utumbo kilichobaki. Siku mbili kabla: usile maharagwe, usile pojo, usile mbegu yoyote. Siku moja kabla: supu isiyo na kitu na chai ya rangi tu. Mutisya alisoma akiwa amesimama koridoni, akaurudia mstari wa maharagwe kabla akili haijafika ilikokuwa ikienda. Aliijua siku hiyo. Alikwisha kuiona.

Ilikuwa mwaka wa 2018, kwenye kisima kilicho upande wa Nuu. Wenyeji waliwapikia isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, na Muindi akakataa sahani.

"Nimefunga."

"Kwaresma yako huja Oktoba?" Mutisya alimtania, na wanawake wakaangua kicheko. Siku mbili nzima Muindi alikunywa chai ya rangi. Kisha akasema anakwenda mji wa Salama kuchukua raba za pampu dukani kwa Irungu. Na 2016 pia alifunga, akaenda Salama. Na 2020.

Mutisya hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka kupitia Salama, pale barabara ya Mombasa malori yanaposimama, akaingia katika duka la vifaa la Irungu, mtu wa Murang'a aliyehamia hapo tangu ujana wake.

"Fundi wa Zombe! Mbona mlinihama?"

"Tumekuhamaje? Muindi si huja hapa kuchukua raba?"

"Muindi gani? Yule wa kofia? Huyo nilimwona mwisho kabla ya Korona, na hata hiyo siku alinunua betri ya tochi tu. Raba zangu zinaozea hapa." Irungu akaegemea kaunta, akacheka mpaka bega likatikisika. "Kama anakuambia anakuja kwangu, bwana, huyo ana mke Salama. Mtafutie!"

Mutisya alicheka naye. Ilikuwa rahisi zaidi kucheka.

Alimkuta Muindi kesho yake, saa nne asubuhi, kwenye kisima cha karibu na soko la Zombe, akitia grisi mkono wa pampu. Hakumsalimu.

"Irungu anasema una mke Salama."

Muindi akatabasamu, kisha tabasamu likakosa mahali pa kukaa.

"Ulikuwa unaenda kuwekewa kamera," Mutisya akasema. "Makueni. Kila miaka miwili."

Muindi alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko grisi ilivyohitaji.

"Kaka yangu mkubwa alipokufa mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, madaktari walituita. Walisema ugonjwa ule ulimuua mzee wetu pia, sisi tulidhani ni vidonda vya tumbo. Walisema watoto wote wa mzee waje wapimwe. Daktari akaniuliza, mko wangapi?" Akakikunja kitambaa. "Nikasema watano."

"Na ulijua."

"Mzee aliniambia kabla hajafa. Alisema wale wawili wa kwa Kalunde ni damu yake, lakini ile nyumba ina mwenyewe. Akanikataza kusema."

Mutisya alikuwa amejua tangu Salama. Rafiki aliyekuwa amemchagua mwenyewe, kati ya watu wote, alikuwa ndugu aliyepewa; na yule aliyejua hayo yote mawili alikuwa ameyatunza kama mtu anavyotunza ufunguo wa chumba ambamo mwingine amefungiwa.

"Wewe ndiye ulinichemshia mizizi ya bawasiri."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nilijiambia labda ni bawasiri. Watu si wanapata bawasiri?"

"Ungenidanganya tu, Muindi. Ungesema kuna madaktari wanapima watu bure, twende wote. Ningekuja. Wewe ukiniambia shika, mimi si hushika? Nimewahi kukuuliza kwa nini?"

"Niliogopa kuivunja nyumba ya Kalunde."

"Nyumba ya Kalunde ni mimi."

Wanawake waliokuja na mitungi walisimama mbali, wakaona si wakati wa kuulizia maji.

Kulikuwa na Kasiva. Mutisya alikuwa amempigia simu, na Kasiva, aliyeolewa Nuu na mwenye watoto wanne, alikuwa amekataa katakata. Mimi ni binti wa Ndolo, alisema. Wewe unaumwa, ndiyo wamekutafutia baba mwingine? Nikitoa damu yangu kwa sababu hiyo nimemkana Susu. Akakata simu, akapiga tena, akasema labda, lakini labda tu, kama mtu wa ukoo huo atakuja akasema kwa mdomo wake.

"Nataka kitu kimoja kutoka kwako," Mutisya akamwambia Muindi. "Njoo Nuu Jumamosi umwambie Kasiva. Baada ya hapo sitaki kitu."

"Nitakuja," alisema Muindi.

Na kweli alikuja. Mutisya alikuwa ametangulia. Alisikia pikipiki yake ikipanda kilima, na kwa dakika hiyo moja akadhani bado wanaweza kuwa ndugu. Kasiva alikuwa kibarazani akichambua pojo kwenye ungo. Alimpa Muindi kiti na kikombe cha chai, akaendelea kuchambua.

"Mutisya anasema una neno," akamwambia.

Muindi aliangalia chai yake.

"Kasiva, mimi sina la kusema juu ya baba yenu. Baba yenu ni Ndolo. Hayo mengine sijui."

Mutisya alihisi kibano kikilegea. Ndivyo alivyosema baadaye, akimweleza mkewe: hakusikia hasira, alisikia uzito ukienda chini, na yeye akiwa ameinama juu ya shimo.

Ungo wa Kasiva uliacha kutikisika.

"Muindi, umetoka Zombe saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Vumbi lote hilo. Umekuja kuniambia hujui kitu?"

"Niliitwa."

"Mtu asiyejua kitu anasema hivyo kwa simu. Hata hatii pikipiki mafuta." Aliokota jiwe dogo kati ya pojo, akalitupa uani. "Wewe mwisho kupimwa ni lini?"

"Oktoba," alisema Muindi, kabla hajajizuia.

"Na watoto wako?"

"Wavulana wako sawa. Msichana ndiye…"

"Ndiye nini?"

"Wanamwangalia. Wanavitoa vinundu vikiwa vidogo."

Kasiva aliweka ungo chini. Sauti yake haikupanda. "Kwa hivyo wako anaangaliwa. Mimi nina wanne, Muindi. Umewaona wakikua. Huyu wa mwisho umembeba mgongoni ukija hapa kuvuta mabomba."

Muindi alianza kusema jambo juu ya mzee na neno la mtu anayekufa. Kasiva alimkatiza.

"Maliza chai uende."

Hakuimaliza. Pale kwenye pikipiki alimgeukia Mutisya, akamwuliza kama atapanda warudi pamoja, kwani jua lilikuwa kali na hali yake si nzuri.

"Nenda," Mutisya akasema. Ndilo neno la mwisho alilomwambia hadi leo. Wanaonana sokoni, Muindi husimama kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa, kisha hupita.

Kasiva alifunga mlango wa nyumba yake, akakaa karibu na kaka yake.

"Twende lini?"

"Jumatatu."

"Lakini sikiza. Nitapimwa kama binti wa Ndolo. Huyo mzee wao alinipa damu mbovu tu, hakunipa jina."

Damu yake ilijibu baada ya wiki tatu: anayo. Wakamwandikia siku ya kamera. Alikunywa dawa ya unga ya kusafisha utumbo, lita nne, akilalamika kwamba hata ng'ombe hawezi kulazimishwa hivyo, na asubuhi akaingizwa ndani. Mutisya alikaa kwenye benchi. Aliangalia saa ya ukutani alipoingia dada yake na aliiangalia tena alipotoka amesinzia juu ya kitanda cha magurudumu. Zilikuwa dakika arobaini na tano.

Filsan alitoka maabara kuja kuwaona. Alikuwa na picha zilizopigwa ndani. Vinundu tisa, vidogo kama punje za mtama, vya rangi ya waridi, vimekaa kwenye ukuta msafi wa utumbo. Vyote vimekatwa. Hakuna hata kimoja kilichogeuka saratani. Angerudi mwaka ujao, na watoto wake wanne wangetoa damu mmoja mmoja.

Mutisya alishika picha kwa muda.

"Vya kwangu vilikuwa namna hii lini?"

Filsan alionekana kama angependa kusema hajui. "Miaka kumi iliyopita, mzee. Pengine zaidi kidogo."

"Elfu mbili na kumi na tano."

"Hapo hivi, ndiyo."

Aliurudia mwaka huo kimoyomoyo. Wakati huo kaka wa Muindi alikuwa kaburini tayari, na daktari alikuwa ameshauliza swali lake na kupewa hesabu. Mwaka huo walivuta mabomba ya visima ishirini na viwili, yeye na Muindi, wakila sahani moja.

Kasiva alifungua macho. Ulimi wake bado ulikuwa mzito.

"Wamevitoa?"

"Vyote."

"Basi mbona unalia?"

Mutisya alimkunjia blanketi miguuni, akajaribu kulifanya lilale sawa.

"Ni vile imekuwa kazi ndogo hivi," akasema.